Mgeni wa Bi Mwanatabu

Kalama Tsofa alikuwa amewaweka wafalme wa Uingereza chini ya kitanda chake, Mtopanga, na katika mtaa mzima hakuna aliyejua. Majirani walijua tu kwamba ana kasha. Wengine walisema ndani mna hati za shamba la urithi, wengine wakaapa kuwa ni mali aliyochota forodhani enzi za kazi. Maneno ya watu wasio na shughuli. Mtu mwenye mali ya kuchota asingeishi kwenye nyumba ambayo kila masika ilimlazimu ahamishe kitanda kukimbia matone.

Ndani ya kasha mlikuwa na ubao uliochongwa vishimo na kutandikwa mahameli ya kijani. Katika kila kishimo mlikaa sarafu moja ya fedha, pana kiasi cha kifuniko cha soda. Zote zilikuwa nusu krauni za Kiingereza, kila mfalme na yake, wakifuatana kama walivyofuatana kwenye kiti cha enzi, kuanzia Charlzi wa Pili mwenye nywele za mawimbi hadi Bibi Viktoria. Kalama alikuwa karani wa forodha miaka mingi, lakini sarafu hizo hakuzipata bandarini. Nyingi alizipata kwa sonara mmoja wa Mji wa Kale. Wanawake walimpelekea sonara huyo fedha kuukuu ayeyushe awafulie bangili, na kila alipoona uso wa Mzungu kwenye rundo aliuweka kando. Kalama alimletea fedha nyingine ya uzito uleule, na mfalme akaponea chupuchupu kuvaliwa mkononi na bi harusi wa Kisauni.

Mkewe, Nyamvula, hakuwahi kumuuliza anazitakia nini. Alikuwa mke mwema, na hilo la kutouliza Kalama alilihesabu katika wema wake. Alipofariki ndipo Kalama alipotambua kwamba miaka yote ile alikuwa akingoja aulizwe. Binti yao Mapenzi alikuwa ameolewa Kisumu, na barua zake zilifika Krismasi, fupi, zikiuliza afya. Baada ya kustaafu siku zikamzidi nguvu. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Jioni alilitoa kasha, akawatazama wafalme wake, akalirudisha. Upweke ulimuuma, wala hakujidanganya kwamba ni ugonjwa mwingine.

Na kishimo kimoja kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Jemsi wa Pili, ambaye kwenye fedha yake ameandikwa Yakobo kwa Kilatini. Alitawala muda mfupi akafurushwa, kwa hiyo sarafu zake ni haba. Kalama alikuwa amemtafuta mpaka akakata tamaa, akapumzika, akaanza tena. Aliamini kwamba siku atakapompata, kitu fulani maishani mwake kitakuwa kimetimia, na hakujali kuwa watu wazima wengine walitimiza mambo yao kwa wajukuu.

Mwaka wa themanini na tisa sonara alifunga duka awafuate wanawe ng'ambo. Siku ya kuagana, huku akiifunga mizani yake kwenye magazeti, alisema kwa kupitia tu kwamba huyo Yakobo aliwahi kumwona. Mama mmoja wa Likoni alimletea amtengenezee pete ya kuizunguka sarafu, apate kuivaa shingoni, na alikataa katakata isitobolewe. Kalama aliuliza kwa nini hakumwambia siku zote hizo. Sonara akajibu kwamba ile haikuwa ya kununuliwa, basi aliona hakuna haja ya kumtia mtu maradhi ya bure.

Maradhi yalikwisha kuingia. Juma lile lile Kalama alivuka kisiwa kizima, akapanda feri, akauliza nyumba hadi nyumba upande wa Mtongwe mpaka akaonyeshwa ukumbi wa Bi Mwanatabu.

Alikuwa mjane wa Kidigo, mtu mzima sana, mwembamba, mwenye macho ya kucheka. Kalama alimwamkia kwa shikamoo, akaitikiwa, akaketishwa mkekani, kisha akaeleza shida yake bila kuzunguka. Bi Mwanatabu hakukasirika. Alimfahamisha kama anavyofahamishwa mtu wa mbali. Alikuwa na pepo. Huko kwao hilo halikuwa jambo la kunong'ona wala la kupigia baragumu. Kuna wenye minazi, kuna wenye kisukari, kuna wenye pepo. Wa kwake alikuwa wa Kizungu, alimrithi kwa nyanyake, na hakumwita pepo bali mgeni. Ile fedha ndiyo makao yake.

"Huyu hauzwi, mwanangu," alisema. "Mtu humuuza mgeni wake?"

Kalama akaomba walau aitazame. Hapo Bi Mwanatabu akacheka hadi akashika mbavu, maana sarafu ilikuwa imelala kifuani mwake chini ya kanga, na mzee wa watu alikuwa amekwisha toa miwani. Alimwambia arudi Alhamisi alasiri. Siku hiyo huivua, akaiosha kwa marashi.

Alhamisi Kalama alirudi na shati jeupe. Sarafu ilikuwa juu ya kisahani, mlango na madirisha yako wazi, uvumba unafuka pembeni. Nyuso za wale wafalme hupishana, huyu akitazama kulia na anayemfuata kushoto, na huyu alitazama kushoto kama ilivyompasa. Pua ilikuwa imelika kwa kusuguliwa na vizazi vya vidole. Herufi nyingi zilikuwa zimefutika, lakini mwanzo wa jina ulisomeka. Kalama alihisi machozi yanamjia, akasingizia uvumba.

Bi Mwanatabu aliteleka chai ya maziwa. Kikombe cha kwanza, cha udongo mweupe chenye maua, alikimimina kwa ajili ya mgeni, akakiweka mbele ya sarafu pamoja na biskuti mbili. Mgeni alikuwa Mzungu, na Mzungu hali wali wa nazi. Walimwacha mgeni anywe. Kisha akakisogeza kikombe kile kwa Kalama, kwa sababu mwenye nyumba haruhusiwi kunywa chai ya mgeni wake, na miaka yote alikuwa akiimwaga kwa masikitiko. Kalama akanywa. Ilikuwa vuguvugu na tamu mno, na ilikuwa miezi mingi tangu mtu amwandalie kitu.

Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Alijiambia anakwenda kuilainisha fedha ile, kwamba mtu mzima kama Bi Mwanatabu akizoea atalegea. Ndiyo hesabu aliyovuka nayo feri kwa mwaka mzima na ushei. Lakini huko mkekani hakuwa akilainisha lolote. Alikuwa akisimulia. Kila Alhamisi alimtoa mfalme mmoja, akaeleza alivyotawala na alivyokufa, na Bi Mwanatabu akauliza maswali ambayo hakuna kitabu kilichomwandaa kuyajibu. Huyo, mama yake alikuwa hai? Walimzika wapi, na nani alimlilia? Yule mnene alikuwa anakula nini? Kalama alirudi Mtopanga akavitafuta vitabu vyake, apate jibu la Alhamisi ijayo.

Hadithi ya Yakobo aliichelewesha hadi mwisho. Alimweleza kwamba alipofukuzwa, aliyekaa kwenye kiti chake alikuwa binti yake pamoja na mumewe, na yeye akavuka bahari usiku, akafia ugenini.

"Bintiye wa kumzaa?"

"Wa kumzaa, mama."

Bi Mwanatabu alitazama uani. Binti yake Dhahabu alikuwa akianika nguo huko, mwanamke wa makamo aliyeshika dini sana, anayesomesha wanawake darasa za jioni. Kila Alhamisi alijitafutia kazi ya uani, hakuingia ukumbini mpaka uvumba uzimike. Bi Mwanatabu akasema basi ndiyo maana mgeni wake hapendi kufungiwa. Akifungiwa sandukuni tu, yeye Bi Mwanatabu hukosa pumzi kifuani. Tangu siku hiyo akawa anamwita Yakubu.

Akauliza pia wenzake Yakubu wanakaaje huko kwa Kalama. Kalama akasema wamo kashani, kifuniko kimebana, na vipande vya chaki ndani vya kunyonya unyevu, kwa sababu hewa ya pwani ina chumvi na fedha ikiachwa wazi huingia weusi. Bi Mwanatabu aliwasikitikia kwa sauti, wote hao gizani na mavazi yao mazuri.

Mwanzoni mwa masika ya mwaka wa tisini na moja miguu ya Bi Mwanatabu ilivimba. Alhamisi moja Kalama alimkuta amelazwa ukumbini, na kisahani kiko sakafuni karibu na kichwa. Bi Mwanatabu alimwambia kwamba Dhahabu hamtaki mgeni. Yeye akifumba macho, fedha itatupwa baharini. Hakumlaumu binti yake. Alitaka tu mtu wa kumpokea Yakubu: asimfungie, na Alhamisi amtengee kikombe.

Kalama aliitazama fedha pale kisahanini. Ile ndiyo nafasi aliyoingojea, na alikuwa na uwongo wake tayari mdomoni. Kabla hajausema, mama yule aliinua kidole.

"Sikuulizi kama waamini, Kalama. Najua huamini, wewe ni mtu wa kanisa. N'nalokuuliza ni kama Alhamisi huwa u nyumbani."

"Mimi niko nyumbani siku zote, mama," Kalama alisema. "Sina pa kwenda ila hapa."

"Basi utampokea."

"Nitampokea."

Ahadi aliyoileta kama uwongo ikamtoka ikiwa nusu kweli, na hakujua afanye nini na hiyo nusu. Bi Mwanatabu aliridhika. Alimwambia asisahau kwamba Yakubu hapendi chai ya rangi.

Alhamisi iliyofuata Kalama alikuta wanaume wamekaa mikekani nje ya nyumba. Bi Mwanatabu alikuwa amezikwa Jumatatu. Hakuna aliyempelekea habari, na alipofikiri aliona hakuna ambaye angempelekea, maana kwa watu wa nyumba ile yeye alikuwa nani? Mzee fulani wa Kigiriama anayekuja kunywa chai. Alipewa mkono, akapewa kahawa, akakaa pembeni akilia bila kusingizia uvumba. Alipokuwa akiondoka, Dhahabu alimtumia neno kwamba aje arobaini ikipita.

Alikuja. Dhahabu alimketisha palepale ukumbini, lakini kwenye kiti. Alifungua fundo la kanga, akaiweka sarafu mezani. Waliomwosha mama walimvua sarafu, akasema, na yeye alikuwa amekwisha azimia kwenda nayo ufuoni. Kilichomzuia ni kwamba mama yake, katika mwaka ule wa mwisho, siku ya Jumatano, akiingojea Alhamisi, alikuwa akiimba. Alijua ni kwa sababu ya nani, na hakutaka mtu huyo aondoke mikono mitupu.

"Nilikulia nyumba hii, mzee," alisema. "Nimemwona mamangu akimtengea chai ya maziwa mtu asiyekuwapo, na mimi nanywa uji wa chumvi. Nimeiona miaka yote. Sitaki imwandame mtu mwingine. Ukiitaka kama fedha tu, ya kutazama, chukua. Ukitaka kuiendekeza, niambie, niende nayo baharini sasa hivi."

Kalama aliutazama uso wake. Haukuwa mgumu kama alivyokuwa akiudhania kutoka mkekani. Ulikuwa uso wa mtoto aliyekaa zamu ya pili, nyuma ya mgeni, kwa muda mrefu. Angeweza kumwambia kwamba ameahidi. Lilikuwa neno moja, na lingekuwa la kweli, na fedha ingekwenda chini ya maji mbele ya macho yake. Angeweza pia kusema kile alichokuwa kabla ya Alhamisi ya kwanza: kwamba yeye ni mkusanyaji wa sarafu, hana pepo wala hana habari nao. Hilo nalo lilikuwa kweli zamani. Siku ile lilikuwa uwongo, na ndilo lililompatia sarafu.

"Nina nyingine kama hizi," alisema. "Itakaa nazo kashani."

"Hutaitengea kikombe? Hutaipa marashi, hutaiita kwa jina?"

"Sitafanya."

"Niapie."

"Haki ya Mungu," alisema Kalama, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuifunika.

Dhahabu akashusha pumzi. Alimsindikiza hadi kibarazani, akamshukuru kwa wema aliomfanyia mamake, na shukrani ile ilimchoma Kalama kuliko matusi. Kwenye feri alisimama ameufumba mkono ndani ya mfuko, wala hakutazama maji.

Nyumbani alijifungia, akaliweka kasha mezani. Aliifungua pete ya sonara kwa kisu, taratibu, akaitoa sarafu. Akaishusha kishimoni. Iliingia sawasawa, Yakobo kando ya binti yake na mkwewe, akitazama kushoto, amewapa kisogo. Safu ilikamilika. Furaha aliyoingoja ilikuja kweli, ikampanda kutoka tumboni, na Kalama akainuka kwenye kiti, akageuka, kama mtu anayetaka kumwita mwenzake aje aone.

Alisimama hivyo katikati ya chumba. Sonara alikuwa ng'ambo, na anwani yake hakuiacha. Mapenzi angesoma, angeuliza afya. Alikuwapo mtu mmoja tu ambaye angetaka kujua kila kitu, ilivyoingia, ilivyotulia ilipogusa mahameli, nani kakaa kulia na nani kushoto, na kwa mtu huyo asingethubutu kufungua kinywa hata angekuwa hai mbele yake. Angelazimika kumwambia kwamba ameapa.

Alikaa tena. Alikuwa na neno la mama kwa upande huu na neno la binti kwa upande ule, yote ameyatoa kwa mdomo mmoja na kwa tamaa moja. Kikombe hakuweza tena kukitenga. Alikwisha mtaja Mungu. Alilishika pindo la kifuniko alifunge kasha, kama alivyofanya kila jioni, na mkono ukagoma. Alijaribu mara nyingine, akasema kwa sauti kwamba huu ni upuuzi, kwamba hiki ni kipande cha fedha. Mkono haukusikia. Kwa Dhahabu alisema fedha itakaa kashani. Hakusema kasha litafungwa.

Akaliacha wazi, na dirisha pia.

Mvua za masika zilipita, upepo wa kusi ukaingia siku baada ya siku ukitoka baharini na chumvi yake. Kwanza Bibi Viktoria alipata kivuli shavuni. Kisha Charlzi, kisha wale Joji wote, mmoja baada ya mwingine, manjano, kahawia, hadi weusi wa sufuria ya kuni. Fedha aliyoiponya kwenye moto wa sonara kwa nusu ya umri wake ilikuwa ikiharibika mezani mbele yake, na dawa yake ilikuwa kushusha kifuniko tu. Kalama aliijua dawa hiyo. Alipita kando ya meza asubuhi akienda kufagia ua, akapita tena jioni.

Alhamisi alikaa nyumbani. Alasiri aliteleka chai ya maziwa, akamimina kikombe kimoja, cha kwake mwenyewe, akakinywa polepole karibu na kasha bila kutamka jina la mtu. Chai ya mkono wake haikuwa tamu hata aongeze sukari kiasi gani.